Bafu la mama kwa laki sita: nilichovunja na nilichokiacha

Bafu la mama lilijengwa kabla sijaanza darasa la kwanza. Nyumba yenyewe iko Tandika, vyumba vitatu na ukumbi. Marehemu baba aliijenga kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara, akaweka choo cha ndani wakati majirani wengi bado walikuwa na cha uani, kwa hiyo siku zile lilikuwa jambo la fahari. Vigae vyeupe vya sentimita 15 kwa 15 ukutani mpaka usawa wa bega, sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa, choo cha kuchuchumaa, na bomba moja lililochomoza ukutani kama pua. Miaka ikapita. Ile simenti nyekundu ikachubuka ikabaki mabaka mabaka, vigae saba vikapasuka, na harufu ikahamia humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kilichonisukuma si urembo. Mama ana miaka 71 na magoti yamegoma. Siku moja nilimkuta amelishika lile bomba kwa mikono miwili ili ajinyanyue, na bomba lenyewe linacheza. Nikasema basi, zamu yangu ya mchezo ikifika, hela haiendi kwenye cherehani mpya. Tuko wanawake 12, kila mmoja anatoa elfu 50 kwa mwezi, ukipata zamu unashika Sh 600,000. Hiyo ndiyo ilikuwa bajeti nzima: fundi, vifaa, guta na chai.

Mimi ni fundi cherehani, wa ujenzi sina nijualo. Ila kupima najua, kukata najua, na najua kwamba nguo kuukuu huifumui yote, unatafuta mshono ulioachia. Ndivyo nilivyolifanyia bafu.

Usikubali bei inayotolewa mlangoni

Fundi wa kwanza alisimama mlangoni, hakuingia hata hatua moja. Akazungusha macho, akasema, "Dada, hapa tunavunja yote, tunaanza upya." Nikamuuliza shilingi ngapi. "Milioni mbili na laki nne, na hapo nimekufikiria." Nikamshukuru, nikamfungulia geti.

Kabla ya kumwita wa pili nililikagua bafu mwenyewe, na ukaguzi wote ulinigharimu jioni moja. Mambo manne.

La kwanza, sarafu. Chukua sarafu ya shilingi mia mbili, gonga kila kigae katikati na kwenye pembe. Kilichoshika vizuri kinatoa mlio mfupi, mkavu. Kilichoachia kinalia kama debe, maana nyuma yake kuna uwazi, na maji yakishaingia humo hayatoki. Nilikuwa na vigae karibu 390. Vilivyolia tupu vilikuwa kumi na kitu, na karibu vyote ni vya mstari wa chini kabisa unaogusa sakafu. Nikavitia alama ya chaki. Fundi wa mlangoni alitaka kuning'olea 390.

La pili, mita ya maji. Funga koki zote za nyumba, andika namba zote za kwenye mita hata zile nyekundu za mwisho, kaa saa nzima bila mtu kugusa maji, kisha soma tena. Zangu zilisogea. Kidogo, lakini zilisogea. Hapo nikaelewa kwa nini ukuta wa nyuma ya bomba ulikuwa na doa lisilokauka hata kiangazi: elbo ya chuma, kile kiungo cha kona cha bomba, iliyozikwa ukutani ilikuwa imeliwa na kutu.

La tatu, ndoo. Mwaga ndoo ya maji sakafuni, usisaidie kwa fagio, tazama yanakwenda wapi. Yangu yalikimbilia mlangoni, yakatulia pale kizingitini kana kwamba yanasubiri kufunguliwa. Ndiyo maana plaiwudi ya mlango ilikuwa imeoza chini.

La nne, tochi. Mulika kwenye tundu la sakafu la kutolea maji ya kuogea. Ukiona maji yametulia ndani, kuna trapu, ile shingo iliyopinda inayobakiza maji ya kuziba hewa ya shimo. Mimi niliona bomba linashuka moja kwa moja hadi gizani, na mende wawili wakanitazama. Miaka yote tulikuwa tunanunua vidonge vya kunukiza, na kumbe hewa ya karo ilikuwa na njia yake wazi kuja kulala na sisi.

Baada ya hapo uamuzi haukuwa mgumu. Sakafu inavunjwa, mstari wa chini wa vigae unang'olewa, choo kinabadilishwa, bomba la ukutani linafukuliwa. Ukuta wote uliobaki, dari, dirisha na mlango vinabaki. Fundi bomba wa pili aliingia, akachuchumaa, akamulika tundu kwa simu yake, akasema, "Hapa hakuna trapu, mama." Sikuwa nimemwambia. Huyo nikampa kazi.

Kupima

Sakafu yetu ni mita 1.5 kwa 2.1, yaani mita za mraba 3.15. Kigae cha sakafuni nilichokitaka ni cha 30 kwa 30, chenye uso wa kukwaruza usioteleza. Kile cha kung'aa ni kizuri sebuleni. Bafuni kwa mtu wa miaka 71 ni mtego. Vigae vya viwanda vya hapa nchini, vya Mkuranga na vya Chalinze, vinatosha kabisa. Kabla hujalipa, mimina maji kidogo juu ya kigae dukani, usugue kwa kidole gumba. Muuzaji atakutazama. Mwache atazame.

Nikafanya kama ninavyofanya kwa gauni la harusi: nikakata karatasi za khaki za 30 kwa 30, nikazitandaza sakafuni. Tano kwa upana, saba kwa urefu, 35. Na hapo ndipo karatasi zilipoonyesha kitu ambacho hesabu peke yake isingenionyesha. Kigae cha 30 ukikikata katikati unapata vipande viwili vya 15, na vigae vya zamani vya ukutani ni vya 15. Kwa hiyo mstari wa chini niliopanga kuung'oa ungeweza kurudishiwa vipande vya kigae kilekile cha sakafuni, na kila kipande kingekaa sawasawa chini ya vigae viwili vya zamani. Ungeonekana kama pindo lililokusudiwa. Vile vigae saba vilivyopasuka huko juu navyo ningevijazia vipande vya 15 kwa 15 vya rangi hiyohiyo. Hakuna duka Dar es Salaam linalouza tena vile vigae vyeupe vyenye weupe wa maziwa, nilishazunguka Kariakoo nzima. Ukishindwa kulinganisha rangi, usilinganishe. Weka tofauti inayoonekana wazi. Nikachagua bluu iliyoiva.

Boksi moja lina vigae 17. Mimi nikanunua maboksi mawili. Unaona kosa? Mawili ni 34, na sakafu peke yake inataka 35. Nilikuwa nimehesabu mita za mraba nikakadiria kwa kichwa, huku karatasi zangu ziko sakafuni zinanitazama. Siku ya tatu nikarudi dukani kuongeza la tatu. Jina lilelile, picha ileile kwenye boksi, lakini nilipofungua nyumbani bluu ilikuwa imefifia kidogo. Kila tanuri lina rangi yake, na ubavuni mwa boksi huwa kuna namba ya mkupuo na ya kivuli cha rangi. Zikipishana, rangi nazo zinapishana. Soma hizo namba, nunua yote siku moja, na ongeza moja katika kila kumi kwa ajili ya kuvunjika. Mimi niliponea kwenye pindo: boksi la tatu lilikwenda ukutani karibu lote, na ukutani mwanga unapiga tofauti, hakuna aliyeniuliza.

Choo nacho kipime kabla ya kununua. Kuna vipimo viwili. Kwanza, umbali kutoka ukutani, juu ya kigae, mpaka katikati ya tundu la bomba la inchi 4. Vyoo vinatofautiana, na fundi akilazimisha kisichokaa sawa utakipata kimesimama mbali na ukuta kama kimenuna. Pili, kimo. Nilipima kigoda ambacho mama anakikalia kila siku na kuinuka bila kulalamika: sentimita 43. Nikaenda Kariakoo na futi yangu ya kitambaa shingoni, nikapima vyoo kimoja kimoja. Vingi vya bei rahisi vilikuwa vifupi, 38 au 39. Nilichopata kilikuwa 42, pamoja na tangi lake na kiti, Sh 165,000 baada ya kubembelezana kwa muda wa daladala mbili za Tandika.

Kuvunja

Panga kwanza mtaoga wapi. Mama nilimpeleka kwa mama mdogo Mbagala wiki mbili. Mimi na mpwa wangu tuliazima bafu la jirani, na nilimshonea jirani sare ya mtoto bure kwa heshima hiyo.

Kabla nyundo haijapigwa, ziba bomba la choo na tundu la sakafu kwa matambara yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, uache mkia mrefu wa kuvutia. Kipande kimoja cha zege kikidondokea kwenye bomba la inchi 4, umejitafutia kazi nyingine na fundi mwingine.

Kung'oa mstari wa chini bila kuumiza wa juu yake kunataka subira. Fundi alipitisha grinda kwenye ule mshono unaotenganisha mistari miwili, kina cha kigae tu, ndipo akaanza na tindo kutoka chini kwenda juu. Ukianza kwa tindo bila kukata mshono, mtikisiko unapanda, unavunja kigae cha pili na cha tatu. Vilivyovunjika huko juu vilikuwa viwili tu, na vyote vilikuwa vya chaki.

Vifusi tulivitia kwenye mifuko ya simenti. Guta lilitaka elfu kumi kuvipeleka kusikojulikana. Mbele ya geti letu kuna shimo ambalo kila masika hugeuka bwawa, tukavimwaga humo.

Bomba kwanza

Hapa ndipo hela iende, na hapa ndipo hutaona kitu baadaye. Wageni hawasifii trapu.

Fundi alifukua ukuta nyuma ya bomba, akatoa ile elbo. Iliachia mkononi mwake kama biskuti iliyochovywa chai. Akabadilisha kipande chote cha chuma kwa bomba la plastiki la PPR, la kuunganishwa kwa joto, akaleta maji sehemu tatu: shawa, koki ya chini ya kujazia ndoo, na tangi la choo. Nilimwomba aweke geti valvu moja ya kufungia bafu zima. Elfu chache tu, na siku shawa ikiharibika huhitaji kuinyima nyumba yote maji. Tangi nalo lina koki yake ndogo ukutani, dukani omba engo valvu.

Koki hiyo ya chini ya ndoo, tafadhali usiisahau kwa sababu umepata shawa. Maji yetu yana siku zake.

Mabomba mapya yakishaungwa, yafunguliwe maji usiku kucha kabla hayajafunikwa, halafu rudi kwenye mita. Mimi nilisoma saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Namba zilezile. Nikamruhusu apige lipu.

Choo cha kukaa alikifunga mwishoni kabisa, baada ya vigae, kwa skurubu na fisha, vile vishikizo vya plastiki vya skurubu, na silikoni pembeni. Mafundi wengine hukizika kwenye simenti ili kisicheze. Kitakaa imara, kweli, lakini siku ukitaka kukitoa utakitoa vipande vipande.

Maji yalivyogoma

Sakafu ya chini ilimwagwa kwa ndoo moja ya simenti kwa nne za mchanga. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Wa pwani ni wa bure, lakini una chumvi.

Mteremko uwe kama sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea tundu. Kuna njia ya kuupima isiyohitaji elimu: pimamaji ya fundi yenye urefu wa sentimita 60, chini ya ncha ya upande wa tundu weka kipande cha mbao chenye unene wa milimita 12. Povu likikaa katikati, mteremko ni ule unaoutaka. Nilikuwa na kipande hicho mfukoni mwa aproni siku nzima.

Fundi vigae alimaliza kusawazisha saa tisa alasiri, akaanza kuosha mwiko. Nikaingia na pimamaji na kibao changu. Karibu na tundu, safi. Katikati, safi. Mlangoni povu likakimbilia upande wa pili. Pale kizingitini, kama mita moja hivi ya sakafu, mteremko ulikuwa bado unatazama nje.

"Fundi, hapa maji yatarudi mlangoni."

"Kidogo tu hapo, dada. Gundi ya vigae itafidia. Na maji yatatafuta njia yenyewe."

"Yameitafuta miaka thelathini na kitu, fundi, na yameikosa."

Alicheka, lakini mwiko hakuushika. Nikamwambia nusu ya malipo iliyobaki iko kwenye kabati, na funguo ya kabati iko kwa povu. Akachekecha mchanga tena, akaongeza pale mlangoni, akavuta rula ya alumini mara tatu. Tulimaliza magharibi, kwa taa ya simu. Sakafu ilipokuwa ngumu nilimwaga ndoo yangu ileile. Maji yalisita kizingitini, kisha yakageuka, yakashuka polepole hadi kwenye tundu, na nyuma yake hakikubaki hata kidimbwi. Nilimwaga ya pili kwa starehe tu.

Jaribio hili lifanywe kabla ya vigae. Baada ya vigae ni ugomvi.

Sakafu tuliimwagia maji asubuhi na jioni siku tatu, tukaiacha ikauke siku mbili. Kisha dawa ya kuzuia maji, ile ya unga na maji yake, inapakwa kwa brashi. Mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukate wa kwanza kama mtande na mshindio. Ipande ukutani sentimita 15, pale mstari wa chini ulipotolewa. Ndiyo sababu hasa ya kuung'oa, kwa kuwa maji hupenyea kwenye ile pembe ya sakafu na ukuta. Ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, ziba tundu, jaza maji sakafuni kimo cha vidole viwili, weka kingo mlangoni kwa matambara na nailoni, uondoke. Saa 24. Chora alama ya penseli ukutani usawa wa maji. Yakipungua unywele, ni jua. Yakipungua kidole, rudia dawa.

Vigae, vipya na vya zamani

Kuvitandaza hakukuchukua siku nzima. Angalia mambo mawili tu: gundi ijae nyuma ya kigae chote, si vibonge vitano kama chapati za kuungaunga, na vijisalaba vya plastiki vya milimita 3 kila pembe ili mishono iende sawa. Kigae cha sakafu ni kinene kuliko kile cha zamani cha ukutani, kwa hiyo nyuma ya pindo lipu ichimbwe kidogo, la sivyo litatokeza na kukusanya uchafu juu yake.

Ukuta wa zamani ndio ulionipa raha kuliko yote, na ulikuwa kazi ya mikono yangu. Vigae vyenyewe havikuwa vibaya. Kilichovizeesha ni mishono iliyogeuka rangi ya kahawa. Nilivunja msumeno wa chuma, nikafunga kitambaa upande mmoja uwe mpini, nikakwaruza kila mshono kina cha milimita mbili au tatu. Jioni tatu, redio ikiwa pembeni. Vumbi lile ni baya, funga pua. Kisha unapangusa kwa brashi na maji, unakoroga grauti, ile simenti laini ya kujazia mishono, iwe nzito kama ugali wa mtoto, unaisukuma kwa kipande cha kandambili kuukuu, na baada ya robo saa unafuta kwa sponji yenye unyevu kidogo, ukienda mshazari ili usiichimbue. Sponji ikiwa imelowa chepechepe utaifuta grauti yote uliyoilipia. Asubuhi inayofuata unasugua ukungu mweupe kwa kitambaa kikavu, na hapo vigae vya baba vilinitazama kama siku ile vilipofika.

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alitaka kunisaidia madoa ya kutu kwenye kona. Nikiwa uani nikasikia anakohoa kwa namna ambayo si ya vumbi. Alikuwa amemwaga asidi ya choo, akaona haitoshi, akaongeza jiki juu yake. Nilimvuta nje kwa kola, macho yanamchuruzika, tukakaa chini ya mwembe mpaka pumzi ikamrudia. Jiki na asidi vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Hata siki na ndimu ni asidi, visikutane na jiki. Na asidi kali ya choo isiguse grauti kabisa, inaila simenti yake, na inaondoa mng'ao wa koki.

Kutu na magadi ya maji ya kisima havihitaji ukali huo. Lowesha karatasi ya chooni kwa siki, ibandike kwenye doa au izungushe kwenye koki, iache saa moja au mbili, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Ukungu mweusi darini ndio wa jiki: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, peke yake, dirisha wazi.

Vidogo

Mshiko wa mama ulitengenezwa na fundi wa kuchomelea pale Tandika, bomba la chuma lenye sahani mbili za skurubu, likapakwa rangi. Tulimpeleka mama mwenyewe bafuni, akakaa, akanyoosha mkono kama anayetaka kuinuka, nikatia chaki pale kiganja kilipogusa. Usipime kwa mkono wako.

Mlango haukubadilishwa. Nilikata sehemu iliyooza, nikapigilia bati la alumini la sentimita 25 chini, pande zote mbili, na rangi ya mafuta juu. Rangi iliyobaki ikaenda kwenye fremu na ukuta wa juu ya vigae. Dirisha la luva lilikuwa limekwama kwa rangi za miaka. Kisu na mafuta ya cherehani vikalifungua, na hilo ndilo linalokausha bafu sasa.

Shawa ya umeme niliikataa. Ile ndogo ya wati 5,400 inavuta zaidi ya ampea 23, na waya unaokwenda bafuni kwetu ni wa taa. Kuifunga kihalali kungetaka waya mnene kutoka kwenye bodi ya umeme, eathi nzuri na swichi ya kukata umeme unaovuja. Anayekwambia "tutaunga tu hapo kwenye taa" mpe chai aende. Mama anachemshiwa birika, anachanganya kwenye ndoo.

Hesabu, kwa anayeuliza: choo, fundi bomba na vifaa vyake Sh 313,000. Vigae, gundi, grauti na fundi wake 196,000. Simenti, mchanga na dawa ya maji 82,000. Guta, mshiko, rangi na bati 57,000. Jumla 648,000. Zile 48,000 zilizozidi zilitoka kwenye sketi za shule, nilishona usiku wiki mbili.

Vigae vitatu vimebaki, viko chini ya kitanda changu, vimefungwa khanga. Kila mwezi nagonga pindo kwa sarafu. Jumapili namwaga maji kwenye trapu hata kama hatukuoga humo, kwa sababu ikikauka mende wanarudi. Kioo bado sijanunua. Mama anasema hakihitaji, lakini nimemwona akijitazama kwenye tangi la choo. Mchezo unanirudia mwezi wa nane.